Herufi Zilizonuniana

Wale mliosikiliza kipindi chetu cha bibi zetu na simu mtakumbuka nilitaja skrini iliyoko chumbani kwa Bibi yangu, halafu muda ukaisha. Nikaahidi kuandika. Haya, ndiyo hii. Ndani mna mambo ya kompyuta, lakini usikimbie, nitakwenda polepole.

Bibi anakaa Ibra. Alizaliwa Wete, Pemba, na Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta ameshakuwa msichana mkubwa. Alifika Oman na Babu na watoto baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na Waomani waliokuwa nje wakaanza kurudi. "Kurudi" ni neno la Babu. Bibi alikuwa hajaiona Oman hata siku moja.

Skuli hakupelekwa. Alikwenda chuoni, akahitimu msahafu, na kwa herufi hizohizo akajifunza kuandika Kiswahili, kama watu wa pwani walivyofanya kwa karne nyingi. Barua za Kiswahili za zamani zaidi tunazozijua ziliandikwa Kilwa 1711, kwa herufi za Kiarabu, na mpaka leo zimehifadhiwa Goa, India. Kwa hiyo Bibi hakubuni kitu. Ila Kiswahili cha a-b-c, hiki unachokisoma sasa hivi, kwake ni michoro tu.

Mie ni kinyume chake. Kiarabu nimekisoma skuli tangu darasa la kwanza, lakini Kiswahili nimekipata kwanza masikioni, halafu kwenye WhatsApp, kwa a-b-c. Ungeniambia niandike "nimekukumbuka" kwa herufi za Bibi, ningeshika kalamu nikaangalia dari.

Sasa shida yetu. Masikio ya Bibi yamechoka. Ukimpigia simu anasema "eeh, eeh, alhamdulillah," na unajua kabisa hajasikia kitu. Ujumbe wa sauti ndiyo kabisa. Macho lakini yapo: kila alfajiri anavaa miwani na kusoma msahafu wake wa herufi kubwa. Basi nikimwandikia WhatsApp, anayemsomea ni Shangazi. Na Shangazi, Mungu amweke, hasomi tu. Anaruka, anaongeza, na mwisho anatia ushauri wake kana kwamba nimeuandika mie. Nikienda Ibra mwenyewe, lazima nipaze sauti, nyumba nzima isikie. Hapakuwa na neno langu lililomfika Bibi yeye peke yake.

Mwaka jana, huku Nizwa ninakosoma, nilifeli masomo mawili kwa mpigo. Baba alikuwa hajui. Mtu niliyetaka kumwambia kwanza alikuwa Bibi.

Ndipo nikapata wazo. Nilikuwa na Raspberry Pi, kile kikompyuta cha ukubwa wa kadi ya benki, na Ami yangu wa Sur alikuwa na skrini ya zamani haitumii. Nitaandika ujumbe kwa a-b-c kwenye simu. Kikompyuta kitaupokea Ibra, programu niliyoiandika kwa Python itaugeuza uwe herufi za Kiarabu, itauchora kama picha yenye maandishi makubwa, na picha itatokea kando ya kitanda cha Bibi. Yeye atakuwa na kitufe kimoja tu, cha kufutia. Akisikia kandambili za Shangazi, anabonyeza.

Kuchora nilitumia Pillow, maktaba ya picha ya Python. Maktaba hapa si ya vitabu. Ni fungu la msimbo ulioandikwa na watu wengine ili wewe usianze moja. Kwenye laptop yangu Nizwa picha ikatoka safi kabisa, utadhani imeandikwa na mwalimu wa chuo. Nikaazima gari ya binamu, nikapita njia ya Sinaw mpaka Ibra, najisifu peke yangu njia nzima.

Nikafunga kila kitu, nikawasha. Bibi akavaa miwani, akasogea, akatazama. Akatazama tena.

"Sasa mbona hizi herufi zimenuniana?"

Na kweli. Kila herufi ilikuwa imesimama peke yake, imempa jirani yake mgongo, na neno zima limeanzia kushoto. Ni kama mtu akuandikie "i b i B" halafu akwambie soma.

Ngoja nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye kisa. Kompyuta haihifadhi maumbo ya herufi, inahifadhi namba. Herufi be ina namba moja tu katika Unicode, lakini kwenye karatasi ina sura nne: ya mwanzo wa neno, ya katikati, ya mwisho, na ya peke yake. Lazima awepo wa kuchagua sura. FriBidi hupanga maandishi yaende kutoka kulia. HarfBuzz humwangalia jirani wa kila herufi na kuchagua sura inayofaa, na huziweka fatha na kasra mahali pake. FreeType huchora. Na juu yao yupo Raqm, maktaba ndogo inayowafanya hao watatu wafanye kazi pamoja.

Pillow ikimkosa Raqm hailalamiki. Inachora herufi mojamoja kama inavyochora Kiingereza, basi. Pillow za kompyuta za kawaida, tangu toleo la 8.2 la 2021, zinakuja na Raqm ndani yake, ndiyo maana laptop yangu haikuwa na neno. Iliyokuwa kwenye kikompyuta cha Bibi haikuwa nayo. Nilipoilazimisha iandike kutoka kulia ndipo iliposema kweli: haiwezi, haina libraqm.

Ikabidi nijenge mwenyewe kutoka msimbo chanzo. Kwa asiyejua: programu nyingi tunazipata zimeshapikwa. Msimbo chanzo ni ule mbichi, maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma, na kukompaili ni kuyageuza yawe amri za prosesa uliyonayo wewe. Raqm ni programu huria, ina leseni ya MIT, kwa hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa.

Nikaushusha. Kabla sijafanya kitu nikafungua faili lake kuu, raqm.c, nichungulie tu. Juu kabisa, kwenye mistari ya hakimiliki, nikakuta mwaka 2015, Information Technology Authority, na barua pepe inayoishia na .om.

Dot om! Nikaisoma mara tatu. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka Ibra, nahangaika na kitu ambacho nilidhani kimetoka California, kumbe mstari wa kwanza unataja mamlaka ya serikali ya hapa hapa Oman. Mstari wa pili una jina la Khaled Hosny, Mmisri aliyetengeneza fonti ya Amiri, ile iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq, Cairo. Na fonti niliyokuwa nimemchagulia Bibi ilikuwa Amiri hiyohiyo.

Halafu yatazame majina yenyewe. HarfBuzz ni neno la Kifarsi, na hiyo harf ndiyo herufi yetu. Raqm ni Kiarabu: maandishi, na pia namba. Kwa Kiswahili tunasema tarakimu, mzizi mmoja. Yaani mie niliyekuwa najiona mgeni kwenye mambo haya, majina yake nilikuwa nayo mdomoni tangu utotoni.

Lakini jina halijengi nyumba. Amri zenyewe ni tatu tu:

meson setup build
ninja -C build
sudo ninja -C build install

Ya kwanza ikagoma palepale: FriBidi haipo. Nikaangalia, ipo! Nikazunguka nusu saa nzima. Kumbe kinachohitajika kuendesha maktaba na kinachohitajika kujengea juu yake ni vitu viwili. Maktaba ilikuwepo, yaliyokosekana ni mafaili yanayoiambia kompaila ndani yake mna kazi gani na zinaitwaje. Kwenye Linux za ukoo wa Debian hayo yanakaa kwenye pakiti zenye mkia wa "-dev". Nikaweka libfribidi-dev, libharfbuzz-dev na libfreetype6-dev, meson ikaridhika, na Raqm ikajengwa kabla kahawa haijapoa.

Nikamwambia pip aiweke Pillow upya. Akaiweka, dakika haikwisha. Nikaiuliza Pillow:

features.check("raqm")

Ikajibu False. Pip alikuwa ameniletea ileile iliyokwisha pikwa. Ukitaka akompaili kweli lazima umwambie waziwazi asichukue iliyo tayari, kwa --no-binary :all: mwishoni mwa amri. Nikamwambia. Akaanza, akasimama: hajaona mafaili ya zlib. Nikampa. Akaanza tena, akasimama: ya jpeg. Nikampa. Mara ya tatu akaenda, na kile kikompyuta masikini kikafanya kazi mpaka kikapata moto. Bibi akaswali adhuhuri, tukala, akalala, akaamka.

"Bado?"

"Bado Bibi. Inapika."

"Hiyo ni harisi?"

Ilipomaliza, ikaniambia haiwezi kuifungua libraqm.so.0. Hapo nilitaka kulia, kwa sababu nilikuwa nimeiweka kwa mkono wangu. Dawa yake neno moja, sudo ldconfig, maana Linux ina daftari la maktaba zake, na ukileta mpya lazima uiambie ilisome upya. Nikauliza tena.

True.

Nikatuma maneno mawili tu. Skrini ikafifia, ikarudi: Shikamoo Bibi. Herufi zimeshikana mikono, kutoka kulia kwenda kushoto, kubwa kama za msahafu wake. Bibi akaisogelea ile skrini na kuiitikia, "Marahaba," kama vile imeingia chumbani mtu.

Mie nikadhani nshamaliza. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza. Nikamtumia sentensi ndefu, akacheka mpaka akavua miwani.

"Nani kakufundisha kuandika? Alifu kila mahali! Kama mtoto wa siku ya kwanza chuoni."

Programu yangu ilikuwa inatia alifu kwa kila "a". Bibi akachukua kalamu na kuniandikia "nataka" nyuma ya bahasha ya umeme: alifu moja tu, pale katikati sauti inapovutwa, na kwengine fatha yatosha. "E" na "i" kwake ni kasra zote mbili, na "o" na "u" ni dhuma. Utajua kwa maana. "V" haiwekei nukta tatu kama nilivyoiweka mie, anaandika fe. Nikamwonesha kwamba kompyuta inayo ve yenye nukta tatu. Akasema hiyo ya kompyuta, yeye si kompyuta. Usiku ule nikaibadilisha programu yangu ifuate mkono wake. Raqm sikuigusa. Kazi yake ni kuunganisha, na iliunganisha chochote nilichoipa, sahihi au kosa.

Nikarudi Nizwa. Ikapita siku mbili sijatuma ila salamu. Usiku wa tatu nikaandika: Bibi, nimefeli masomo mawili. Baba hajui. Naona haya.

Nikabonyeza kabla sijaghairi, halafu sikulala. Skrini haina njia ya kujibu, hilo sikulifikiria.

Jibu likaja baada ya siku tano, kwa mkono wa binamu aliyekuja Nizwa kwenye soko la mbuzi la Ijumaa. Karatasi imekunjwa mara nne. Kiswahili, kwa herufi zake, mkono wa mtu mzima unaotetemeka kidogo. Na hapo nikagundua kitu cha kuchekesha. Nilikuwa nimeijengea kompyuta uwezo wa kumwandikia Bibi, lakini kumsoma Bibi sijui. Herufi zote nazijua, maneno yote nayajua, na nikakaa saa nzima natafuna karatasi moja kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alisema hata yeye juzuu ya Amma aliirudia mara tatu, na mwalimu wake hakufa. Alisema nimwambie Baba siku ya Ijumaa akishakula, si kabla. Halafu chini, mistari miwili: Na mie nina langu. Nataka kuona صور. Usimwambie shangazi yako.

Baba nilimwambia Ijumaa, akishakula. Tuyaache hapo, kulikuwa na kelele, kukaisha.

Lile la pili nikalifanyia haraka. Bibi anataka kuona suwar, yaani picha kwa Kiarabu, na nyumbani kwetu tunachanganya lugha hivyo kila siku. Nikaona skrini tunayo, shida nini? Wiki mbili nzima nikawa namtumia picha. Wete, bandarini. Mikarafuu. Karafuu zimeanikwa kwenye majamvi. Mji Mkongwe. Kila asubuhi picha mpya, na najisifu tena.

Nilipokwenda Ibra nikamkuta kanuna kama herufi zangu za mwanzo.

"Mke mwenzangu," akasema, na akiniita hivyo jua umekosea, "mie nimekwambia Sur, wewe waniletea picha."

Swad, wau, re. Suwar, picha. Sur, mji. Kwa herufi ni neno moja. Maneno ya Kiswahili Bibi huyatilia irabu zote ili yasomeke. Ya Kiarabu huyaacha wazi, maana kila mtu anayajua. Na mie niliyesoma Kiarabu skuli miaka 12 nikachagua ile niliyoizoea kuiona kwenye simu.

Alitaka kuiona bahari. Ibra haina bahari. Kila akiitaja Sur anaambiwa njia ndefu, joto, miguu yako, mwakani inshallah. Hiyo mwakani alishaisikia miaka minne. Hakutaka kumgombanisha mtu na mtu, ndiyo maana akaandika.

Tukaenda Jumatano. Asubuhi Shangazi yuko kwenye lile soko la wanawake la Ibra, ambako akiingia hatoki mpaka amezungumza na kila mwenye kanga. Nilimpigia tukiwa njiani, na aliyoyasema siyaandiki.

Ami alitupokea Sur na kutupeleka Al Ayjah, karibu na mnara, mahali gari inaposogea mpaka kwenye maji. Kabla ya hapo Bibi alitaka kuiona Fath al-Khair, lile jahazi kubwa lililoundwa Sur na sasa limekaa nchi kavu kama kumbukumbu. Ami akamwambia limeundwa 1951. Bibi akalitazama kutoka dirishani, omo mpaka tezi.

"Mie mkubwa kuliko hili," akasema. "Na mie bado natembea."

Kwenye maji hakusema sana. Nikamshika mkono akashuka, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha Ami, buibui likipeperuka. Alikaa mpaka jua likageuka. Nikajipa moyo wa kumuuliza, kwa sauti ya juu, maana pale hapakuwa na wa kusikia, kama inafanana na Wete.

"Harufu si ile," akasema. Baadaye kidogo, "Lakini maji ni maji haya haya. Yanakwenda mpaka kule."

Basi ndiyo hiyo. Wengi mmeniandikia mkiniuliza nijengeje yangu, kwa hiyo: Raqm ichukue, ni huria, na hizo amri za juu zitakufikisha. Ukigomewa, angalia pakiti za "-dev" kwanza, halafu --no-binary, halafu ldconfig. Lakini kabla ya yote kaa na bibi yako, mpe kalamu, umwombe aandike jina lake, jina lako na sentensi moja. Utazame anaweka alifu wapi. Hilo hakuna mahali utakapolishusha.

Mie sasa kila Ijumaa nina darasa. Bibi ananiandikia, namsomea kwa sauti, nikikosea ananipiga kidogo kwa kipepeo. Wiki hii amenipa karatasi mpya, imekunjwa mara nne. Nina siku ya tatu nayo. Yamebaki maneno mawili, na simuulizi mtu.